Unataka kuwa mpanda milima wa baiskeli na upo Mwanza? Anza hivi

Kanda ya Ziwa haijawahi kukosa waendesha baiskeli. Hapa mtoto anajua kunyonga kabla miguu haijafika kwenye pedeli, anapitisha mguu chini ya bomba la fremu anaenda hivyo hivyo upande upande hadi dukani, na ukisimama Kirumba mwaloni asubuhi utaona mtu kafunga tenga la samaki kwenye kareia, mzigo unamzidi yeye mwenyewe, na bado anapanda nao kuingia mtaani. Nguvu ipo. Tatizo mbio zetu nyingi zinapigwa kwenye lami ya tambarare, njia ya Shinyanga au ya Magu, na kule anashinda yule mwenye mapaja mazito na sprinti kali. Sasa dogo wa kilo 55 anayepaa kwenye kilima anamaliza wa ishirini na kitu, anaambiwa huna kitu wewe, anaacha baiskeli anaenda kuendesha bodaboda. Na inawezekana kabisa kwamba kwenye lile kundi lote yeye ndiye alikuwa na mwili wa kumfikisha mbali.

Hii ni ya huyo dogo. Na ya dada zetu pia, maana Tour de France, ile mbio kubwa ya siku nyingi kule Ufaransa, ya wanawake hii ya sasa ipo tangu 2022 na ile ya 2024 iliamuliwa juu ya mlima wa Alpe d'Huez, hatua 8 zote zimeisha na Niewiadoma kamshinda Vollering kwa sekunde 4 tu. Nne!

Jipime kabla hujaanza kuota

Kwenye tambarare adui ni upepo, na upepo hauulizi una kilo ngapi, kwa hiyo jamaa wa kilo 85 mwenye injini kubwa anakuacha hivi hivi unamwangalia. Ukianza kupanda, spidi inashuka, upepo unakuwa si kitu, sasa unapigana na uzito wako na wa baiskeli. Ndiyo maana watu wa milima hawaulizani una nguvu kiasi gani, wanaulizana una wati ngapi kwa kila kilo ya mwili. Wale wa juu kabisa kina Pogačar na Vingegaard wanashikilia wati 6 na ushee kwa kilo kwa nusu saa au zaidi, tena baada ya kunyonga masaa manne. Mtu wa kawaida anayejitahidi kwenye mazoezi yuko kwenye 3 hivi.

Pawa mita, kile kifaa cha kupima wati, ni hela ndefu, achana nayo kwa sasa. Una saa ya simu, mzani unapatikana, na kilima kipo, inatosha. Tafuta kilima unachojua kinapanda mita ngapi kutoka chini hadi juu, Strava na programu za ramani zinaonyesha, ila chukua vipimo kadhaa upate wastani kwa sababu GPS ya simu inadanganya sana kwenye kimo. Zidisha hizo mita kwa uzito wa jumla, yaani wewe, baiskeli, chupa ya maji, viatu, kila kitu. Zidisha kwa 9.81. Gawanya kwa sekunde ulizotumia kupanda. Hizo ni wati. Ongeza kama asilimia 10 ya matairi na upepo, halafu gawanya kwa kilo zako peke yako bila baiskeli.

Mfano, dogo ana kilo 58, baiskeli na mazagazaga yake kilo 12, jumla 70. Kilima kinapanda mita 60, kakipanda kwa dakika 3, sekunde 180. 60 mara 70 mara 9.81 gawa kwa 180 unapata kama 229, ongeza asilimia 10 inakuwa 252, gawa kwa 58 inakuja 4.3.

Usikimbie kwenda kumwambia mama umepata kazi Ulaya. Dakika 3 kila mtu anazo. Kipimo wanachokiheshimu ni cha dakika 20 mfululizo, unachukua wastani wa wati zako unatoa asilimia 5, hapo ndipo wanasema huyu anaweza kushikilia kiasi hiki saa nzima. Na Mwanza mjini hakuna kilima cha dakika 20, tusidanganyane. Unachofanya unakipanda hicho hicho mara sita, unashuka taratibu unageuza unapanda tena, na namba ya mara ya sita ndiyo wewe. Ya kwanza ni mbwembwe tu. Kama ya sita bado iko juu ya 4, wewe endelea kusoma.

Neno moja kuhusu uzito maana najua mtu keshaanza kuwaza kufunga. Ukiangalia hiyo hesabu unaona njia mbili, kuongeza wati au kupunguza kilo, na vijana wengi wanakimbilia kilo kwa sababu ni rahisi kutokula. Ukishinda na njaa wati nazo zinaondoka, unaugua ugua, na kwa dada zetu siku zao zinakata, hiyo ni alama mwili umeanza kula akiba na mifupa inaharibika kimya kimya. Halafu urefu na wembamba siyo sheria. Chris Froome ana mita 1.86 na kashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Nairo Quintana wa Colombia ni mfupi wa kilo 58 hivi, naye kashinda Giro, mbio kubwa ya Italia, 2014 na Vuelta, ile ya Hispania, 2016. Kula ushibe, nyonga, mwili utajipanga wenyewe.

Vilima vyetu ni vifupi, na hiyo siyo kesi

Hapa ndipo watu wanakata tamaa bure. Wanaona kwenye TV Alpe d'Huez, kilomita karibu 14, mwinuko wa wastani asilimia 8, kona 21, wanasema sisi tuna Capri Point na Isamilo tutatokea wapi. Sasa sikia. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika, na ule mzunguko waliokuwa wanarudia rudia ulikuwa na vilima viwili, kimoja mita 800 kwa asilimia 8 hivi, kingine cha Kimihurura kilomita 1.3 kwa asilimia 6 na kitu, tena cha mawe. Ndiyo hivyo tu. Ila walivirudia na kuvirudia mpaka jumla ikawa kilomita 267 na mita kama 5,475 za kupanda, na wanaume waliomaliza walikuwa 30, wengine wote walishuka njiani. Kweli Mlima Kigali wenyewe waliupanda mara moja, huo una karibu kilomita 6, na Pogačar alishambulia, yaani alichomoka kuwaacha wenzake, hapo hapo zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Lakini waliobaki njiani waliuawa na vile vifupi.

Kwa hiyo kilima cha Bugando kinakutosha kuanzia. Barabara ya kupanda Capri Point inakutosha. Isamilo ndiyo usiseme. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa ya nyuma inawaka, kabla daladala na bodaboda hazijachangamka, na kile cha Bugando waachie wagonjwa na magari yao ikishapambazuka, kapande kwingine.

Panda hivi. Fika mguu wa kilima ukiwa umeshabadilisha gia, usibadilishe katikati huku umekandamiza pedeli, cheni itaruka na utaanguka mbele za watu. Kaa kwenye kiti, mikono juu ya usukani, viwiko vimelegea, kifua wazi. Mita 100 za kwanza zipande kwa kujibana, uone kabisa unaenda taratibu kuliko unavyotaka, maana kila mtu anaungua pale. Pumzi itoe yote nje, kuvuta itajivuta yenyewe. Miguu izunguke mara 75 hadi 85 kwa dakika, hesabu goti la kulia kwa sekunde 15 zidisha kwa nne. Kona ikikunja, ndani ndiko kwenye mwinuko mkali, pita nje kidogo ya kona hata kama ni mbali zaidi, miguu itakushukuru. Kusimama kwenye pedeli unaruhusiwa, ila unaposimama baiskeli inarudi nyuma kidogo, aliye nyuma yako atakugonga, kwa hiyo simama mguu ukiwa unashuka na usukume mbele. Na usiache kunyonga ukifika juu. Wengi wanaona kilele wanalegea, na mashambulizi mengi yanatokea pale pale mita 50 baada ya kilele wakati watu wanatafuta chupa ya maji.

Wiki nzima inakaaje? Siku mbili ngumu zinatosha, moja ya kurudia kilima mara 6 mpaka 8 kwa mwendo unaoweza kuushikilia hadi mwisho, nyingine fupi na kali, sekunde 30 mpaka dakika moja, ule mwendo wa kutapika. Siku moja ndefu, masaa manne matano, nenda Magu urudi, au pita Usagara uende Kigongo uvuke daraja la JP Magufuli hadi Busisi, lile kilomita 3 juu ya maji bila kivuli, utakutana na upepo wa maana. Siku nyingine zote nyonga taratibu, mwendo wa kuweza kupiga stori bila kukata sentensi. Hizo za taratibu ndizo vijana hawazitaki kabisa, kila siku wanataka vita, mwezi wa pili hoi.

Na kama unataka miguu ya mlima mrefu bila kuwa na mlima mrefu, tumia upepo. Mchana ziwa linasukuma upepo kuja nchi kavu, wewe tafuta barabara inayokupeleka uso kwa uso nao, ile ya airport kwenda Igombe kwa mfano, weka gia nzito, zungusha miguu polepole mara 55 hadi 60 kwa dakika, dakika 15 mfululizo bila kupumzika. Mwili haujui kama ni upepo au ni mlima. Waholanzi nchi yao ni meza tupu, na kati ya 1976 na 1989 walishinda Alpe d'Huez mara 8.

Mlima mrefu wa kweli utauhitaji siku moja, hilo halikwepeki. Panda meli ya usiku kwenda Bukoba, kule kuna miinuko inayoanzia ziwani kabisa. Au Rwanda, nitaifikia.

Gia, hapa fundi atakubishia

Baiskeli nyingi za resi za mtumba zinazotufikia zilikuwa za watu wa mashindano, mbele ina meno 53 na 39, nyuma kubwa kabisa ni 23 au 25. Ukiwa na 39 mbele na 23 nyuma, ili miguu izunguke mara 80 kwa dakika lazima uende kilomita 17 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 hiyo ni spidi ya mtu anayelipwa mshahara Ulaya. Wewe utaishia kuzungusha mara 45, magoti yanalia, miezi sita umeharibu goti. Tafuta 34 mbele na 32 nyuma, hapo miguu 80 inakuwa kilomita kama 11 kwa saa.

Fundi atakwambia gia nyepesi ni za watoto wa shule. Mwamkie, mpe heshima yake, halafu msisitize. Na usiondoke kijiweni kabla hamjafanya hivi, mwambie anyanyue gurudumu la nyuma, aweke cheni kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma kwa pamoja. Kama ule mkono wa nyuma unaovuta cheni unanyooka mpaka unakaribia kukatika, cheni ni fupi, iongezwe pingili. Kama cheni inagoma kabisa kupanda kwenye 32, huo mkono ni wa aina fupi, unahitaji mrefu, utafute kwenye hizo hizo za mtumba. Mambo ya baiskeli nyepesi yasikuumize kichwa, UCI wenyewe, shirikisho la baiskeli la dunia, hawaruhusu baiskeli chini ya kilo 6.8 kwenye mbio, kwa hiyo hata tajiri ana kikomo. Tofauti ya kilo 3 kwenye jumla ya kilo 70 ni asilimia 4 hivi. Ipo, lakini siyo iliyokufanya umalize wa ishirini.

Fedha ya kwanza weka kwenye kofia na breki. Kilima ukishakipanda utakishuka, na kushuka ndiko kunakoua. Macho yaangalie mbele unakotaka kwenda, siyo shimo unaloliogopa. Breki shika kabla ya kona, ndani ya kona achia. Mguu wa nje chini, uzito wote juu yake. Na vaa miwani, wale wadudu wa ziwani wakitoka wingu zima ukiwa kwenye spidi ya 50 utajuta.

Uchovu usioisha, kapime kichocho

Hii nataka niisemee kwa kirefu kidogo kwa sababu ni ya kwetu kabisa. Froome kazaliwa Nairobi, baiskeli kajifunzia Kenya kwa David Kinjah pale Kikuyu, na hata mashindano ya Jumuiya ya Madola ya 2006 aliiendeshea Kenya. Alivyofika Ulaya akawa mtu wa siku moja moja, leo anapaa kesho kazima, timu haielewi. Mwisho wa 2010 wakampima wakamkuta na kichocho. Wale minyoo wanaishi kwenye damu, wanaila damu yenyewe, na mtu wa milima bila damu hana kitu, maana damu ndiyo inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Alitibiwa zaidi ya mara moja, na 2011 mwishoni mwa msimu akamaliza wa pili Vuelta, baadaye wakampa ushindi wenyewe baada ya aliyemtangulia kuondolewa.

Sasa sisi tunaoga ziwani, tunafua ziwani, baiskeli tunaosha ziwani tumesimama maji ya magotini. Kichocho cha huku kwa kawaida ni cha tumboni, usisubiri kukojoa damu ndiyo ushtuke, wanakipima kwenye choo kikubwa. Dawa yake praziquantel inajulikana zahanati zote. Kama mazoezi ni yale yale na namba yako ya kilima inashuka wiki hadi wiki, usiongeze mazoezi, nenda kapime kichocho, malaria na wingi wa damu, mambo matatu kwa siku moja. Ukishatibiwa acha kuosha baiskeli ziwani, chota maji kwenye ndoo uyaache yakae siku mbili au tumia ya bomba, vinginevyo utarudia dawa kila mwaka.

Dagaa wale wazima wazima, mboga za majani, maharage, hiyo ndiyo damu. Virutubisho vya kwenye makopo weka mbali.

Chakula cha barabarani nacho tunacho. Kwenye safari ya zaidi ya saa moja na nusu mwili unataka kama gramu 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu mbili kubwa zinakupa karibu hizo. Matobolwa ndiyo habari yenyewe, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, havioozi mfukoni, havimwagiki, vinauzwa sokoni bei ya kawaida, tatizo ni vigumu, vilowekwe usiku kidogo vilainike uvikate vipande vya kutosha mdomo mmoja ufunge kwenye nailoni ndogo ndogo usiyohitaji mikono miwili kuifungua. Ile michembe iache nyumbani, hiyo ni mpaka ipikwe. Kinywaji, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vitano vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, kamulia limao. Anza kula dakika ya 30, usisubiri njaa. Ukishasikia njaa kwenye kilima umeshakata moto.

Kutoka kijiweni mpaka kwenye mshahara

Jiunge na klabu, yoyote inayofanya mazoezi ya kundi Jumapili, maana mpanda milima asiyejua kukaa kwenye kundi anafika mguu wa mlima akiwa wa mwisho na keshachoka. Kuwa nyuma ya mwenzako sentimita 50 bila woga ni ufundi, haupatikani peke yako. Kwenye mbio, ingia kwenye kilima ukiwa ndani ya kumi bora. Ukizidiwa unateleza taratibu nyuma, unafika juu bado uko ndani ya kundi. Ukiingia wa mwisho na ukazidiwa, umebaki peke yako, na ukibaki peke yako njia ya Magu na upepo ule mbio imeisha.

Na usidharau vilima vidogo. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa ile jezi nyeupe ya madoa mekundu ya mfalme wa milima kwenye Tour de France, 2015, na hakuipata kwenye Alps. Aliipata Normandy, siku ya sita, kwenye vilima vya pwani ambavyo kila kimoja kina pointi moja. Wakubwa walikuwa wanaisubiri milima mikubwa, yeye akatoroka na wenzake wachache akaokota moja moja. Dunia nzima ikamwona, na jina la timu yake kifuani.

Leseni inatoka kwa chama cha taifa, CHABATA, na bila leseni hakuna mbio ya UCI utakayoingia hata uwe na mbawa. Makundi ya umri ni haya, miaka 17 na 18 ni junia, 19 mpaka 22 ni chini ya 23, baada ya hapo uko na wakubwa. Maskauti wanaangalia hayo makundi mawili ya kwanza, kwa hiyo kama una 17 usisubiri ukomae kwanza. Kama una 26, sema ukweli na nafsi yako, utashinda mbio za hapa na Afrika Mashariki, na hiyo ni kazi nzuri tu.

Kutoka Mwanza mlango ulio karibu ni Rwanda. Kuna Tour du Rwanda, mbio ya UCI, vilima asubuhi hadi jioni, timu za Ulaya zinakuja, na zinakuja kutafuta watu. Nyumbani ukishinda kilomita 150 za tambarare hakuna skauti anayeandika jina lako. Kule ukimaliza wa 15 kwenye hatua ya mlima ukiwa na miaka 20, jina linaandikwa. Kuna pia kituo cha UCI kule Aigle, Uswisi, kinachochukua vijana wa nchi zisizo na timu, Froome kapita pale, Teklehaimanot kapita, Biniam Girmay aliyechukua jezi ya kijani, ile ya pointi, ya Tour 2024 naye kapita. Wanapelekwa na vyama vyao, kwa hiyo matokeo yako yawe yameandikwa mahali, siyo kwenye kumbukumbu ya mwenyekiti wa klabu.

Ukifika kwenye timu ya kulipwa usitegemee kuwa staa. Miaka ya kwanza utakuwa mtumishi, unarudi kwenye gari kuchukua chupa nane unazijaza kwenye jezi unapandisha nazo kundi zima, mlimani unavuta mbele kwa dakika kumi kwa nguvu zako zote ili bosi asipigwe upepo, halafu unaachwa unafika mwenyewe. Ndiyo kazi na inalipwa. Sepp Kuss wa Marekani alifanya hiyo kazi miaka, akiwasaidia Roglič na Vingegaard, mpaka 2023 akashinda Vuelta yeye mwenyewe. Zawadi usizipigie hesabu sana, mshindi wa Tour anapewa euro 500,000 na mfalme wa milima euro 25,000, na kwa desturi zinagawanywa kwa timu nzima. Maisha ni mshahara wa mkataba, na mkataba soma wote au tafuta anayeweza kuusoma, hasa ile sehemu ya nani analipa matibabu ukivunjika bega.

Dawa. Mtu atakuja na kidonge, atakuja tu. Marco Pantani alishinda Giro na Tour mwaka mmoja, 1998, mpanda milima kuliko wote wa kizazi chake, 1999 akatolewa Giro akiwa anaongoza, karibu kabisa na mwisho, kwa sababu ya kipimo cha damu, hakurudi tena kuwa yule, na 2004 akafariki akiwa na miaka 34. Na siyo hizo tu za makusudi, hata baadhi ya dawa za mafua za duka la dawa zina vitu vilivyokatazwa siku ya mbio, kwa hiyo muonyeshe daktari kila kitu unachomeza.

Sasa safari yenyewe ya Rwanda. Hati ya kusafiria tengeneza mapema, siyo wiki ya mbio. Baiskeli ikifunguliwa magurudumu, usukani ukageuzwa na pedeli zikatolewa inaingia kwenye boksi la baiskeli ambalo mafundi na maduka huwa wanalitupa tu. Ule mkono wa gia wa nyuma ufungue uufunge kwa kitambaa ndani ya fremu, huo ndio unaopinda wa kwanza mabegi ya watu yakilaliana. Mlipe kondakta chake, baiskeli iingie mwisho juu ya mizigo. Basi hadi Rusumo, unagonga muhuri, unavuka unachukua gari la Kigali. Na ukishavuka tu, kule magari yanapita kulia siyo kushoto kama kwetu, kwa hiyo siku mbili za kwanza shuka vilima kwa mwendo wa bibi harusi, maana kwenye kona mwili utataka kukimbilia upande uliouzoea na lori linatokea huko huko.